Mwaka mzima kwenye shaba: binti yetu na staji yake



Kwa wiki nyingi mmekuwa mkituletea maulizo juu ya staji. Mama mmoja aliuliza: mtoto wangu ameitwa staji ya mwaka mzima kule Kolwezi, hawatamlipa mshahara, nimwache aende? Mwingine alisema binti yake anaamka saa kumi ya usiku kungojea basi la kampani, na kila akimuuliza anafanya nini huko kazini, mtoto ananyamaza. Nimeona nisijibu kwa mawazo yangu tu. Mwenzetu mmoja wa chama ana binti aliyemaliza mwaka wake wa staji mwezi uliopita, katika kiwanda kimoja cha shaba upande wa Lualaba. Nilikaa naye siku mbili, akanisimulia yote, akanifungulia na daftari zake. Ameomba nisiandike jina lake wala la kampani. Bado anatafuta kazi, na watu wa migodi, hata kama Katanga ni kubwa, wanajuana wote. Basi nitamwita binti yetu.

Binti yetu anasoma metalurji kwenye universite, ni kusema namna ya kutoa chuma au shaba ndani ya jiwe. Masomo ya darasani alimaliza. Alibakiza kazi ya mwisho ya kuandika na kuitetea mbele ya maprofesa, na kwa ile kazi alihitaji kuingia kiwandani. Wengine wanaingia kwa mwezi mmoja au mitatu. Yeye kampani ilimkubalia mwaka mzima, kwa pesa ya transporti na chakula cha saa sita, basi.

Nyumbani kulikuwa vita. Baba yake ni mtu wa zamani wa Gécamines. Alitoka mwaka 2003, katika ile operesheni ya kuondoka kwa hiari, wakati Banki ya Dunia ilisaidia kulipa zaidi ya wafanyakazi 10,000 warudi nyumbani. Mnakumbuka wenyewe ile hiari ilikuwa ya namna gani. Baba akasema: mimi niliingia kazini na mshahara tangu mwezi wa kwanza, hospitali juu yao, shule ya watoto juu yao, na marehemu baba yangu wakati wa Union Minière alipata hata posho ya unga. Leo mtoto wangu atoe jasho mwaka mzima kwa sahani ya bukari? Hilo ni ulizo la haki, na sioni aibu kusema kwamba sikuwa na jibu zuri la kumpa. Wazee wetu walikuwa wakisema kampani ni baba na mama. Kampani za leo hazitaki kuwa hata mjomba.

Vita ya pili ilikuwa ya mchumba. Alisikia kuna zamu ya usiku, akasema mke wake wa kesho hawezi kulala kiwandani na wanaume. Akaongeza kwamba akisha kuolewa, bila ruhusa yake hatatia mkono kwenye karatasi yoyote ya kazi. Hapo mama mtu akamwambia kwamba ile sheria imekwisha. Ni kweli, wamama, na tuikumbushe kidogo: Kodi ya Familia ya 1987 ilitaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya mapatano ya kisheria, lakini ilibadilishwa mwaka 2016, na ruhusa ile iliondolewa. Mchumba hakufurahi. Tuendelee.

Mama alitumia zamu yake ya likelemba kwa mambo ya safari. Binti akapata kitanda kwa shangazi yake Kolwezi, na hilo peke yake liliokoa pesa nyingi. Ninalitaja kwa sababu kuna watoto wanaokwenda bila mahali pa kulala, wanapanga chumba kimoja wanne, na baada ya miezi miwili njaa inawarudisha nyumbani kabla hawajaona kitu. Mkihesabu gharama ya staji, msihesabu basi ya kwenda tu. Hesabuni mwezi wa saba, wakati likelemba imekwisha kuliwa na shangazi amechoka.

Miezi miwili ya kwanza, kwa kusema kweli, hakujifunza shaba. "Nilikuwa mama wa chai," alisema, akacheka. Alipiga fotokopi, alitumwa kununua uniti za simu za mashefu, aliandika upya rapoti za watu wengine. Walimpa mabuti namba 43, yeye mguu wake ni 38. Aliingiza vitambaa mbele ili yasitoke. Kaske ilimzunguka kichwani. Choo cha wanawake kilikuwa upande wa ofisi, mwendo wa dakika kumi kutoka kiwandani, na usiku kilifungwa kwa ufunguo uliokaa kwa mlinzi. Wababa mnaosoma, msiruke mstari huu. Msichana aliye katika siku zake, zamu ya usiku, anakwenda kumwomba mlinzi ufunguo mbele ya wanaume, halafu anatembea dakika kumi gizani. Alifanya hivyo mwaka mzima. Kiwanda kilijengwa bila mtu kufikiri kwamba mwanamke ataingia, na hadi leo wengi wa waliomo bado hawajafikiri.

Mambo yalibadilika mwezi wa tatu, na si shefu aliyeyabadilisha. Alikuwa mzee mmoja, mkubwa wa zamu katika nyumba ya elektrolizi, mtu ambaye hakumaliza sekondari lakini kazi ile ameifanya tangu ujana. Alimkuta binti yetu amesimama na sahani ya vikombe, akamuuliza: wewe umekuja kujifunza nini? Akajibu: metalurji. Mzee akasema: basi weka vikombe, vaa miwani, fuata.

Niwaeleze kidogo kile alichoonyeshwa, maana sisi tunaishi juu ya shaba tangu kuzaliwa na wengi wetu hatujui inatoka namna gani. Jiwe linasagwa, linatiwa katika asidi ya sulfuri, na asidi inakula shaba iliyo ndani, inabaki maji ya rangi ya buluu. Maji yale yanasafishwa mpaka yabaki na shaba tupu, halafu yanapelekwa kwenye mabwawa marefu ya elektrolizi. Ndani ya kila bwawa wanatundika mabamba ya chuma kisichoshika kutu, katikati yake mabamba ya risasi, na wanapitisha umeme. Ni umeme wa ajabu: nguvu yake ya kusukuma kwa kila bwawa ni volti kama 2 tu, karibu na ya batri ndogo ya redio, lakini wingi wake ni mkubwa sana. Kidogo kidogo shaba inatoka ndani ya maji na kushika juu ya bamba. Baada ya wiki moja hivi wanainua, wanabandua, na kila upande wa bamba unatoa karatasi nzito ya shaba, zaidi ya kilo 40, safi kufikia 99.99 kwa mia. Ndizo zile mnazoziona juu ya kamyo zikielekea Kasumbalesa.

Hapo ndani hewa inakata koo. Umeme ukipita, vipovu vinapanda juu na kupasuka, vinarusha ukungu wa asidi. Wanatandaza mipira midogo ya plastiki juu ya maji, kama michezo ya watoto, ili kuzuia ule ukungu, lakini haumaliziki. Fulana ya pamba ya binti yetu ilitoboka matundu madogo baada ya wiki chache, kama iliyoliwa na mende. Wenzake wakamwambia anywe maziwa kila zamu, eti maziwa yanaosha mapafu. Mnajua imani hiyo iko kwetu tangu zamani. Mzee alimwambia maziwa yanakwenda tumboni na ukungu unakwenda kwenye mapafu, njia zao hazikutani. Vaa maski yako. Na kama asidi ikirukia ngozi au jicho, maji safi mengi, yatiririke dakika 15 kwa uchache, pale pale, kabla ya kukimbilia kokote. Si mafuta, si limau, si dawa ya meno.

Na hili ni letu sisi wenye kufua: nguo za kiwandani zisiingie beseni moja na nguo za watoto. Shangazi yake alizifua peke yake, nje, amevaa glavu, kwanza kwa maji mengi matupu, kisha sabuni. Mavumbi ya jiwe na mabaki ya asidi yanasafiri hadi nyumbani kwenye mfuko wa suruali. Kama kampani ina mahali pa kufulia, mtoto aombe nguo zibaki huko.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifurahisha kuliko yote. Shida kubwa ya nyumba ile ilikuwa chunusi. Ndiyo, chunusi. Shaba badala ya kushika laini juu ya bamba, inaota vinundu, na kinundu kikikua kinafika mpaka kugusa bamba la risasi lililo jirani. Zikigusana, umeme unapita njia ya mkato, bamba linapata moto, shaba inaharibika na umeme unapotea bure. Vijana wanatembea zamu nzima juu ya mabwawa na kipimo mkononi wakitafuta mahali palipogusana, halafu wanavunja vinundu kwa chuma. Ni kazi ya kuvunja mgongo.

Ili shaba ishike laini, wanatia ndani ya maji unga fulani unaoitwa guari. Unatoka kwenye mbegu za mmea wa jamii ya maharagwe, unaolimwa sana India na Pakistani, na unga huo huo wanautia katika vyakula vya kiwandani ili viwe vizito. Unga unakorogwa na maji kwanza, unakuwa kama uji mwepesi, kisha unaachiliwa kwenda kwenye mabwawa kidogo kidogo. Binti yetu alitazama siku ya kwanza vijana wakifanya kazi hiyo. Walifungua mfuko, wakamwaga unga wote kwenye pipa mara moja, wakawasha mashine ya kukoroga. Akachungulia ndani. Mabonge matupu! Nje yameloa, ndani unga mkavu.

Wamama, kuna nani kati yetu asiyejua neno hilo? Mtoto wa miaka kumi anayejifunza kupika uji anaambiwa: nyunyiza huku unakoroga, usimwage. Binti yetu alisema hivyo hivyo kwa wale vijana. Walicheka. "Leo tumeletewa mpishi!" Mzee hakucheka. Alivua kaske, akajikuna kichwa, akamwambia: andika hilo.

Na hilo likawa kazi yake ya mwisho. Kwa miezi mitano alifuata. Aliandika kila siku guari imetengenezwa na zamu gani, imemwagwa au imenyunyizwa, maji yalikuwa baridi au vuguvugu, imekorogwa kwa muda gani, halafu wiki iliyofuata, mabamba yakiinuliwa, alihesabu vinundu kwa mkono, bwawa kwa bwawa. Aliandika pia siku ambazo umeme wa SNEL ulikatika. Ule umeme unaotoka Inga unakuja kwetu kwa laini ya kilomita karibu 1,700 hadi Kolwezi, tangu 1982, na njiani mengi yanaweza kutokea. Umeme ukisimama muda mrefu, shaba iliyokwisha kushika inaanza kurudi polepole ndani ya asidi, na bamba linaharibika hata kama guari ni nzuri. Asingeandika siku zile, hesabu yake ingemdanganya. Alipomaliza, mabwawa yaliyopewa uji usio na mabonge yalikuwa na vinundu vichache, wazi kabisa. Vijana waliomcheka sasa wananyunyiza. Mimi sikuzioa hesabu zake zote, lakini ule ukurasa wenye michoro ya mabonge, aliochora kwa kalamu ya risasi saa tisa ya usiku, niliutazama muda mrefu.

Ningependa kusimama hapo. Lakini maulizo yenu mengi hayakuwa juu ya vinundu.

Kazi ya mwisho inahitaji mkono wa kampani. Bila shefu wa idara kutia mkono kwenye rapoti na kwenye cheti cha staji, universite haiwezi kuipokea, na mwaka mzima unakuwa kama haukuwapo. Mwezi wa kumi na moja binti yetu alipeleka rapoti yake kwa shefu. Siku zikapita. Alipouliza, shefu alisema karatasi iko, lakini ofisini kuna kelele. Jumamosi jioni aje mjini, mahali fulani, wataisoma pamoja wakinywa kitu. Alikataa kwa heshima. Wiki iliyofuata rapoti ilikuwa "bado ina makosa". Makosa gani? Jumamosi atamwonyesha. Mara ya tatu alimwambia wazi kwamba kuna wasichana wengine waliofahamu haraka na leo wana kazi.

Nilimuuliza kama alilia. Alisema alilia kwenye basi, siyo mbele yake.

Alimwambia shangazi yake usiku ule ule. Na hapa nataka kumsifu shangazi kwa jina, lakini siruhusiwi. Hakumuuliza alivaa nini. Hakumwambia avumilie, mwaka unakwisha. Aliuliza swali moja: una nini mkononi cha kuonyesha kwamba ile kazi uliifanya wewe? Binti akatoa daftari zake nne. Tangu mwezi wa tatu, kila mwisho wa zamu, mzee alikuwa akitia alama ya mkono wake na tarehe chini ya ukurasa. Ilikuwa desturi yake ya zamani. Alikuwa amemwambia kwamba kiwandani kitu kisicho na mkono wa mkubwa wa zamu hakikufanyika. Waliketi usiku wakaandika barua mbili. Moja kwa profesa wake, yenye tarehe za kupeleka rapoti na maneno aliyojibiwa kila mara. Nyingine kwa mkubwa wa wafanyakazi wa kampani, fupi, kuomba rapoti isomwe na mtu mwingine, na chini yake ikaandikwa kwamba nakala imekwenda universite. Shangazi alimsindikiza kuipeleka, na hawakuondoka mpaka wamepigiwa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yao.

Wiki tatu zikapita za kimya. Halafu mkubwa wa yule shefu alimwita binti ofisini, mlango wazi, sekretere yupo, akamuuliza maulizo juu ya guari kwa saa nzima, akatia mkono. Juu ya lile jambo lingine hakusema neno. Shefu yule yuko kazini hadi leo.

Wengine mtauliza mbona hakumshitaki. Sheria ipo. Ile ya tarehe 20/7/2006 juu ya jeuri ya kingono imeandika wazi kwamba mtu anayetumia mamlaka yake kumsumbua mwingine ili apate mambo ya mwili ana hatia, na adhabu yake ni kifungo cha mwaka 1 hadi 12 au faini. Lakini kama ilivyoandikwa 2006, inataka mwenyewe aliyetendewa alete mashitaka, na binti yetu alipima: kazi ya mwisho haijatetewa, jina lake litatembea migodi yote kabla ya jina la shefu, na shahidi wa yale maneno hakuwapo. Alichagua kumaliza masomo. Mimi simhukumu. Inaniuma kwamba ni yeye aliyepaswa kupima, si yule mwanaume. Baba yake aliposikia alitaka kupanda basi aende Kolwezi na fimbo. Mama akamzuia, na nadhani alifanya vizuri, ingawa naelewa fimbo.

Kampani haikumpa kazi. Walisema wataita. Kwa sasa anajitayarisha kutetea, na mchumba (niliuliza, nilijua mtataka kujua) bado yupo, amepunguza maneno.

Basi nijibu yule mama wa kwanza. Mwache aende, kama ana mahali pa kulala na kama kuna karatasi. Barua ya kampani isiseme tu "amekubaliwa staji". Iseme atajifunza nini, katika idara gani, nani atamsimamia, nani atatia mkono kwenye cheti na baada ya siku ngapi, na nani atalipa hospitali kama asidi au mashine ikimpata. Kampani nyingine zitakataa kuandika hayo yote. Ziombwe hata hivyo, maana namna wanavyokataa nayo ni habari. Miezi ya chai isipite miwili bila mtoto kuuliza. Na mama wa pili, ambaye binti yake ananyamaza: usimuulize "kazi iko namna gani?" Kila mtu atajibu "iko vizuri". Muulize nani alimfundisha leo na alimfundisha kitu gani. Asipopata jina la kutaja kwa wiki nzima, ketini chini muongee. Likija jina moja tu kila siku na macho yanakwepa, ketini chini upesi zaidi.

Kuna familia zitasema ni afadhali binti afanye staji ofisini, kwenye hesabu au sekretariati, huko ni salama. Sikubaliani. Ule usumbufu wa Jumamosi jioni haukutoka kwenye mabwawa ya asidi, ulitoka ofisini. Kule kwenye mabwawa ndiko alikopata mwalimu.

Watoto wenye barua za staji mwaka huu waje nazo Jumamosi baada ya kikao cha chama. Waje na mama au shangazi, pamoja na barua yenyewe. Wenzetu wawili wanaojua Kifaransa cha ofisi watakaa nao kuisoma neno kwa neno na kusaidia kuandika ombi la mambo yaliyosahauliwa. Binti yetu naye ameahidi kuwapo, na atakuja na zile daftari nne. Mwenye mabuti ya kazi namba 37, 38 au 39 yasiyotumika tena nyumbani, tafadhali ayalete. Kuna wasichana watatu wanaanza mwezi ujao.